Pumzi Ilipogeuka Silaha: Chimbuko la Nguvu za Ndani katika Riwaya za Kichina

Jin Yong, mtunzi wa riwaya wa Hong Kong, ametuachia kisa cha mtu mmoja aitwaye Huang Shang, ambacho kila mfasiri na kila msahihishaji wa chapa angefaa kukijua. Kisa hicho kimo katika riwaya ya Shediao yingxiong zhuan, iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1957 na ambayo mwenyewe aliisahihisha upya katika miaka ya 1970. Mfalme Huizong wa enzi ya Song anaamuru vitabu vyote vya Watao vikusanywe na kupigwa chapa, juzuu 5,481 kwa jumla. Kazi anakabidhiwa Huang Shang, mtumishi wa dola, naye anaogopa kwamba herufi moja ikikosewa mfalme atamkata kichwa. Basi anasoma kila juzuu, neno kwa neno, mwaka hadi mwaka. Hana mwalimu wala hajapata kushika upanga. Lakini hata alipofika mwisho wa kusahihisha, anajikuta amezifahamu siri za pumzi na mwili ambazo mpiganaji yeyote wa zama zake hakuzijua, na nguvu kubwa imekwisha kufanya makao ndani yake bila ya kualikwa.

Yanayofuata yana uchungu. Huang Shang anatumwa kupigana na waasi, anawaua baadhi yao, na jamaa zao wanakuja kulipa kisasi kwa kuwaua wazazi wake, mke wake na watoto wake. Yeye anakimbilia porini na kukaa miaka mingi akifikiri namna ya kuyajibu mapigo ya kila adui, pigo moja baada ya jingine. Siku anapopata jibu la pigo la mwisho anatoka kwenda kuwatafuta. Wote wamekwisha kufa. Aliyebaki ni mmoja tu, ambaye wakati ule wa vita alikuwa msichana, na sasa ni bibi kizee mahututi kitandani. Ndipo Huang Shang anapoandika yote aliyoyajua katika kitabu, na kitabu hicho ndicho kinachowagombanisha watu katika riwaya nzima.

Mkusanyo ule wa vitabu ulikuwapo kweli. Ulipigwa chapa Fuzhou katika miaka ya 1110, na Huang Shang wa kweli alikuwa mkuu wa mji huo na akahusika na kazi yenyewe. Jin Yong alichofanya ni kuchukua jambo la kweli la historia ya vitabu na kulipulizia pumzi nyingine. Nami nimekianza kisa hiki kwa sababu kinaeleza, kwa njia ya hadithi, jambo ambalo historia nayo inalithibitisha kwa njia yake: kwamba ile nguvu za ndani tunayoisoma katika riwaya za mashujaa wa Kichina, nguvu ya kumrusha mtu mzima kwa kiganja, ya kutembea juu ya maji na kumtibu mgonjwa kwa kumgusa mgongo, ilizaliwa karatasini kwanza. Ilitoka kitabuni kabla haijaingia mwilini. Na waliokiandika kitabu, mara nyingi, walikuwa watu walioshindwa.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno, kwani hapa ndipo mfasiri anapotoka jasho. Neno la mzizi ni qi. Alama yake ya kale ina mvuke juu na mchele chini, na msomaji aliyepata kufunua sufuria ya wali atafahamu zaidi kuliko aliyesoma kamusi kumi. Ni pumzi, ni mvuke, ni hewa, ni uhai unaopita mwilini. Kuliita roho ni kuingiza dini isiyohusika. Kuliita nishati ni kulitia harufu ya mita ya umeme. Mimi hupendelea pumzi, na neno neili nalifasiri nguvu za ndani. Kuna na neno la tatu, neigong, ambalo watu hulipitia haraka. Gong ni kazi, ni jitihada iliyolipiwa kwa muda. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika gongfu, neno ambalo ulimwengu umelipokea likiwa na maana ya ngumi tu, ilhali kwa Mchina hata mpishi na mwandishi wa hati wanaweza kuwa nayo. Neigong, basi, ni kazi ya ndani. Neno lenyewe halina muujiza.

Ukongwe wa pumzi hauna shaka. Mwaka 1973 wachimbaji huko Mawangdui, karibu na Changsha, walikuta katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44, wake kwa waume, wakijinyoosha na kupumua kwa mikao mbalimbali, mingine ikiiga wanyama. Zhuangzi, kitabu cha hekima cha zamani zaidi ya hariri hiyo, tayari kinawataja kwa kejeli wanaojining'iniza kama dubu na kujinyoosha kama ndege ili waishi miaka mingi. Mencius naye alizungumzia pumzi kubwa inayokua ndani ya mtu kwa kutenda haki. Lakini msomaji aangalie shabaha zao: mmoja anataka umri mrefu, mwingine anataka uadilifu. Katika hao wote hakuna anayetaka kumpiga mtu.

Baadaye Watao wakajenga juu ya msingi huo elimu waliyoiita neidan, yaani utengenezaji wa dawa ya uhai ndani ya mwili. Wazee wao walikuwa wakipika zebaki na zinjifuri katika vyungu, na baadhi yao wakafa kwa sumu. Warithi wakasema chungu ni mwili wenyewe, moto ni pumzi, na chini ya kitovu kuna mahali paitwapo dantian, konde la zinjifuri, ambapo dawa hukaa ikiiva. Pumzi ikishuka mbele na kupanda nyuma ya uti wa mgongo, mzunguko umetimia. Mwenye kuisomesha elimu hii kwa ufasaha kuliko wengine ni Zhang Boduan, aliyeandika kitabu chake mwaka 1075. Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba alikiandika kwa beti. Aliyafunga mafumbo ndani ya vina ili asiyefunzwa na mwalimu asitoke na kitu, na waliofunzwa wasisahau. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuhitaji kuelezwa faida ya kuitia elimu katika mizani.

Karne nane baadaye, watunzi wa magazetini walichukua msamiati huu wote, konde la zinjifuri, mishipa ya mbele na nyuma, mzunguko mdogo na mkubwa, wakauweka katika vinywa vya watu wenye mapanga. Lakini tusikimbilie huko.

Hadithi za mashujaa wenyewe ni za zamani. Katika karne ya 9, enzi ya Tang, Pei Xing aliandika visa vya watu wa ajabu wanaoruka kuta usiku na kukata vichwa vya wakubwa. Kimoja kinatuhusu sisi watu wa bahari hii kwa upande wa jina. Ni kisa cha mtumwa wa Kikunlun aitwaye Mole, anayembeba bwana wake mgongoni, akavuka naye kuta kumi za jumba la waziri ili akakutane na msichana anayempenda, kisha akawatoa wote wawili kabla ya alfajiri. Kunlun lilikuwa jina la jumla la watu weusi wa bahari za kusini, na wengi wao bila shaka walitoka visiwa vya Asia. Hata hivyo mwaka 1178 Zhou Qufei, akiandika habari za nchi za ng'ambo, aliiita nchi ya Zanji, yaani pwani yetu, Kunlun Cengqi. Simdai Mole kuwa jamaa. Nasema tu kwamba mmoja wa mashujaa wa kwanza wa kuruka katika fasihi ya Kichina ni mtu mweusi na mtumwa, na mtunzi hajishughulishi hata kidogo kutueleza anarukaje. Anaruka, basi. Katika karne ya 9 ajabu haikuhitaji maelezo.

Hali ni hiyo hiyo katika Shuihu zhuan, riwaya kubwa ya majambazi 108 waliokimbilia kwenye kinamasi, iliyopata umbo lake katika enzi ya Ming. Wu Song anamuua chui milia kwa ngumi, na nguvu zake zinatokana na umbo lake na mabakuli ya pombe aliyokunywa. Lu Zhishen anaung'oa mti pamoja na mizizi yake. Dai Zong anatembea mwendo wa siku nyingi kwa siku moja, lakini ni kwa sababu amefunga hirizi miguuni. Akizifungua anakuwa mtu kama mimi nawe. Pombe, misuli, hirizi. Nguvu za ndani hazimo.

Wala hazimo katika maandishi ya wapiganaji wa kweli wa zama hizo. Jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia wa pwani, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari mwaka 1560 na akatia sura nzima ya ngumi. Anasema kwa uwazi wa askari kwamba ngumi hazina faida kubwa katika vita vya majeshi, ila ni mazoezi mazuri ya kuvizoesha viungo. Hasemi neno juu ya konde la zinjifuri. Watawa wa Shaolin nao walisifika wakati huo kwa kupigana na fimbo.

Kisha, mwaka 1624, ikatokea hati.

Iliitwa Yijin jing, kitabu cha kubadili mishipa. Mwandishi wake alijificha nyuma ya lakabu ya Mtao wa Zining, na inaelekea ndiye aliyezitunga pia dibaji mbili zinazoitangulia. Dibaji ya kwanza inadai kuandikwa na Li Jing, jemadari wa Tang, mwaka 628. Ya pili na Niu Gao, ofisa wa Song, mwaka 1142. Zinasimulia kwamba kitabu kiliachwa na Bodhidharma, mtawa aliyekuja kutoka India, ndani ya sanduku kwenye ukuta wa Shaolin, kwa lugha ya Kihindi. Wanazuoni walikwisha kuubaini uongo huu tangu karne ya 18. Ling Tingkan alionyesha kwamba majina na nyakati zilizotajwa humo hazilingani, na kwamba aliyeghushi hakuwa msomi mkubwa wa historia.

Hata hivyo nakiri kuwa nampenda mwongo huyu. Alifanya jambo ambalo kabla yake hatulioni likiandikwa wazi: alizichukua pumzi za Watao za kutafuta umri mrefu, akaziunganisha na nguvu za mpiganaji, akaipa ndoa hiyo mzee wa Kibudha awe shahidi. Maelekezo yake ni ya mikono hasa. Mtu asuguliwe mwili, kisha apigwe kwa nyundo ya mbao na mifuko ya mawe, huku akituliza fikra na kuikusanya pumzi chini ya kitovu, siku baada ya siku, mpaka ndani yake pawe pagumu. Mwenye kufuzu, kitabu kinaahidi, vidole vyake vitatoboa tumbo la ng'ombe na ukingo wa kiganja chake utamkata kichwa. Hapo ndipo pumzi ilipopewa makali. Na mwaka wenyewe tuutazame: 1624 enzi ya Ming inayumba, Wamanchu wanabisha hodi upande wa kaskazini mashariki. Miaka 20 baadaye Beijing imeanguka.

Hati ya pili ni fupi na ni nzuri zaidi, maana iliandikwa na mtu mkubwa. Huang Zongxi alikuwa miongoni mwa wanafikra wakuu wa karne ya 17. Alipigana na Wamanchu, akashindwa, akakataa kuwatumikia, akarudi kwao Zhejiang kuandika. Mwaka 1669 aliandika maneno ya kaburini kwa ajili ya mtu ambaye pengine angesahaulika, Wang Zhengnan wa karibu na Ningbo, aliyezaliwa mwaka 1617. Wang alipigana vita hivyo hivyo, na vilipokwisha akaapa kutokula nyama maisha yake yote, akaishi kwa kulima. Kuhusu mtu huyu Huang aliandika kwamba ngumi za Shaolin zinasifika duniani, lakini ni za kushambulia, na mpinzani anaweza kuitumia nafasi hiyo; kuna mtindo mwingine, uitwao wa ndani, ambao kwa utulivu huushinda mwendo, na adui hulala chini mara anapogusa. Ule wa Shaolin, basi, ni wa nje. Mwasisi wa mtindo wa ndani, anasema, ni Zhang Sanfeng, Mtao wa mlima Wudang, ambaye katika ndoto mungu wa kaskazini alimfunza ngumi, na kulipokucha akawaua peke yake majambazi zaidi ya mia.

Maneno "ndani" na "nje" yanaingia hapa katika historia ya mapigano ya Kichina. Nataka msomaji aone kwamba katika hati hii "ndani" haina maana ya pumzi. Wang anapiga kwa kulenga vituo maalumu vya mwili, vya kuua, vya kuzimisha, vya kumfanya mtu bubu, kama vilivyochorwa kwenye sanamu za shaba za waganga; hiyo ni elimu ya mahali pa kupiga. Kwa nini basi "ndani"? Wataalamu wa siku hizi wamelitazama jambo hili kwa jicho la siasa, nami naona wako karibu na ukweli. Shaolin ina mwasisi mgeni, mtawa wa India. Wudang ina Mtao mzawa. Mwaka 1669, wakati wageni wanaitawala China na kuwalazimisha wanaume wanyoe na kusuka mkia wa nywele, mtu anaposifu kilicho cha ndani, kilaini, chenye kuonekana dhaifu, akasema hicho ndicho hushinda kilicho cha nje na chenye nguvu, hazungumzii ngumi peke yake. Kaburini mtu anaweza kusema mengi.

Mwana wa Huang, Huang Baijia, alikuwa amejifunza kwa Wang mwenyewe katika hekalu moja la pale kwao. Mwaka 1676 aliandika kitabu kidogo ili elimu ile isizikwe na mwalimu, akaziweka humo beti za siri za mtindo huo. Kwa kuwa beti zilikuwa fumbo tupu, akalazimika kuzifafanua moja moja. Anajuta waziwazi kwamba alikiacha chuo cha ngumi kwa ajili ya mitihani, na sasa hakuna wa kumfundisha wala wa kurithi. Nimesoma maombolezo mengi ya kifalme. Machache yana uzito wa huyu kijana anayefafanua mashairi ya ngumi ambazo mikono yake imekwisha kuzisahau.

Ama Zhang Sanfeng, alikuwa Mtao mashuhuri wa miaka ya mwanzo ya Ming. Mfalme Yongle, ndiye yule aliyetuma majahazi ya Zheng He yakafika Malindi na Mogadishu, alituma pia watu milimani kwa miaka mingi wakamtafute Zhang Sanfeng, na kuanzia mwaka 1412 akajenga mahekalu makubwa Wudang. Majahazi yalirudi na twiga. Wale wa milimani walirudi mikono mitupu. Historia rasmi ya Ming inamtaja Zhang kwa mambo mengi ya ajabu, ila haisemi kwamba alijua kupigana.

Kwa hiyo kulikuwa na hati mbili, moja ya kughushi na moja ya maombolezo, na kila moja ilikuwa na nusu ya jambo. Yijin jing ilikuwa na pumzi bila ya jina la "mtindo wa ndani". Maneno ya kaburini yalikuwa na jina bila ya pumzi. Karne mbili zilizofuata zilizishona pamoja. Mwaka 1882 Wang Zuyuan alichapisha kitabu cha picha cha kazi ya ndani, Neigong tushuo, chenye mazoezi ya afya yaliyonasibishwa na Shaolin. Neno likawa mikononi mwa watu. Mwaka 1900 Mabondia wa kaskazini waliingia vitani wakiamini kwamba mizimu iliyowapanda na hirizi walizomeza zitazuia risasi, na risasi hazikuzuilika. Baada ya fedheha hiyo, wasomi wa mijini walitaka mapigano yasiyo na mizimu, yenye maelezo ya mwili. Sun Lutang, kwa vitabu vyake kuanzia mwaka 1915, akaieleza mitindo ya Xingyi, Bagua na Taiji kwa lugha ya pumzi na falsafa. Ilipofunguliwa taasisi kuu ya mapigano ya taifa huko Nanjing mwaka 1928, iligawanywa idara mbili, Wudang na Shaolin, ndani na nje, kana kwamba ndoto ya Zhang Sanfeng ni sheria ya serikali. Walimu wa idara hizo waligombana, na mgawanyo ukafutwa baada ya muda mfupi. Mwaka 1930 mwanasheria Tang Hao akachapisha utafiti wake juu ya Shaolin na Wudang, akabomoa ngano zote mbili, ya Bodhidharma na ya Zhang Sanfeng. Hakupata shukrani nyingi.

Alikuwa amechelewa, kwa sababu watunzi walikuwa wamekwisha kuamka. Mwaka 1923 Xiang Kairan, kwa jina la uandishi Pingjiang Buxiaosheng, alianza Shanghai kutoa Jianghu qixia zhuan, hadithi za mashujaa wa "mito na maziwa", kama Wachina wanavyouita ulimwengu wa wale wanaoishi nje ya mkono wa serikali. Sehemu yake ikafanywa filamu mwaka 1928, ya hekalu lililoteketezwa, na filamu hiyo ikazaa nyingine mpaka zikawa 18, hadi serikali ilipopiga marufuku. Mwaka 1932, Tianjin, Li Shoumin alianza Shu Shan jianxia zhuan, bahari isiyo na ufuo, ambayo hakuimaliza: mapanga yanaruka yenyewe, watu wanakula matunda ya mlimani na kuongezewa uwezo wa miaka mingi kwa usiku mmoja. Kutoka kwa Li riwaya za baadaye zilirithi wazo kwamba uwezo wa ndani ni akiba, inayoweza kukua ghafla kwa bahati.

Mji huo huo ulikuwa na mtu wa namna nyingine, Gong Baiyu. Alitaka kuwa mwandishi wa fasihi mpya na aliwahi kuandikiana barua na Lu Xun. Njaa ikamtia katika riwaya za mapanga, mwaka 1938, chini ya jeshi la Wajapani, na hakuacha kuona haya. Kupigana hakujua, rafiki yake Zheng Zhengyin, aliyejua, ndiye aliyemsaidia mwanzoni katika mapigo. Hali hii naiona ina funzo kuliko nadharia nyingi: ufundi ambao wasomaji waliamini umetoka milimani ulipangwa na watu wawili mezani, mmoja akiwa na deni la mchele.

Baada ya 1949 China bara haikuchapisha tena riwaya hizi kwa miaka 30 hivi, na uwanja ukahamia Hong Kong, mji uliojaa wakimbizi. Tarehe 17 Januari 1954 bingwa wa Taiji, Wu Gongyi, na Chen Kefu wa mtindo wa Korongo Mweupe walipanda jukwaani Macau katika pambano la kuchangisha sadaka. Mji mzima ulilisubiri. Lilikwisha katika raundi ya pili, pua ya Chen ikiwa imetoka damu, na waamuzi hawakumtangaza mshindi. Filamu yake ipo, na anayeitazama akitarajia nguvu za ndani ataona wanaume wawili wakirushiana mikono ovyo. Siku tatu baadaye gazeti la Xin Wanbao lilianza kutoa riwaya ya Liang Yusheng iliyozaliwa na shauku ile, na mwaka uliofuata akafuata mwenzake wa gazetini, Jin Yong. Walichokikosa watu jukwaani walipewa ukurasani.

Jin Yong ndiye aliyezipa nguvu za ndani kanuni zake kamili. Kwake zinafanya kazi mithili ya mali. Zinachumwa polepole, zinawekwa, zinarithiwa, zinaibwa. Katika Tianlong babu, mtawa asiye na sura wala akili nyepesi anamiminiwa na mzee mmoja akiba ya miaka zaidi ya 70, asubuhi moja, bila ya kuitaka, na mzee anakufa papo hapo. Mwanafunzi mpole anayechukia ngumi anajifunza kwa bahati mbaya namna ya kunywa nguvu za kila anayemshika. Jina la elimu hiyo limetoka katika bahari ya kaskazini ya Zhuangzi, inayopokea maji yote. Na katika Xiao'ao jianghu, iliyotoka kuanzia mwaka 1967 wakati China bara inachanwa na Mapinduzi ya Utamaduni, mali hiyo inageuka ugonjwa. Shujaa Linghu Chong amejeruhiwa, wanakuja ndugu sita wapumbavu kila mmoja na tiba yake, wanamtia pumzi zao mwilini, na pumzi zinagombana ndani yake zikitaka kumuua. Chama chake cha Huashan chenyewe kiliwahi kugawanyika makundi mawili, moja likisema pumzi ni ya kwanza na upanga wa pili, jingine likisema kinyume, na waalimu wakachinjana mlimani kwa ajili ya mpangilio wa maneno mawili. Msomaji wa Hong Kong wa mwaka 1967 hakuhitaji maelezo ya pembeni.

Linghu Chong anapona mwishoni kwa kufundishwa kazi ya ndani ambayo anaambiwa imetoka kwa mzee anayemheshimu. Baadaye sana anagundua kwamba mkuu wa Shaolin alimdanganya kwa wema: ilikuwa Yijin jing. Hati iliyoghushiwa mwaka 1624, yenye dibaji mbili za uongo, inamponya mtu kwa uongo wa tatu. Sijui kama Jin Yong alikusudia mzaha huo. Alikuwa msomaji mkubwa wa historia.

Si wote waliomfuata. Gu Long wa Taiwan, aliyefariki mwaka 1985, aliona hesabu hii ya akiba inachosha, akaweka mahali pake kimya, kisha kisu kimoja kinachoruka, na mtu ameanguka. Ni mshairi zaidi, lakini kuhusu pumzi hana alichoongeza.

Aliyeongeza, au tuseme aliyetoa, ni Jin Yong mwenyewe. Riwaya yake ya mwisho, Luding ji, ilianza mwaka 1969 na kumalizika 1972. Wei Xiaobao amezaliwa katika danguro la Yangzhou na hajui kusoma. Anapata waalimu ambao mashujaa wa riwaya zilizotangulia wangewalilia, na anapewa vitabu vya kazi ya ndani, anapiga miayo. Elimu moja tu ndiyo inayomwingia sawasawa, nayo ni ya kukimbia. Ana fulana isiyopenya panga na kisu kinachokata chuma, ana ulimi, na anawashinda wote wenye pumzi za miaka 40. Wasomaji wengine waliandika kuuliza kama kweli ni kazi ya mtu yule yule. Baada ya hapo Jin Yong hakutunga riwaya nyingine hadi alipofariki mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 94. Muda mrefu wa miaka hiyo aliutumia kuzirudia za zamani na kuzisahihisha, toleo baada ya toleo.